Kulia Kwako au Kulia Kwangu?

Mwezi huu yale ya nani kasoma meseji za nani tuyaweke pembeni kidogo. Leo nakupa kazi ya dakika mbili tu. Mwite mwenzio hapo alipo, simameni mkitazamana, kisha mwambie: "Nishike nyonga ya kulia." Usimwelekeze kwa jicho wala kwa kidevu. Mwache ahangaike mwenyewe.

Mimi nilipomjaribu baba watoto alinishika kiuno, tena upande wa kushoto, akatabasamu kama mtu aliyepata mia kwa mia. Makosa mawili kwa mshiko mmoja! Nilicheka, lakini sikucheka sana. Makosa hayohayo mawili yalishatokea kwetu mwaka juzi, sio chumbani, na aliyeyalipia ni baba yangu mzazi. Moja kati ya hayo lilikuwa langu mimi, msomi wa mawasiliano, mwenye digrii yake ukutani.

Baba na mama wanaishi Rukuba. Kwa wasioijua, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kata ya Etaro, huko Musoma, mkoani Mara. Watu wa kule wanaishi kwa ziwa: dagaa, sangara, sato, na biashara zote zinazozunguka samaki. Huduma za afya za kawaida zipo kisiwani, ila mambo yakiwa makubwa inabidi uvuke maji kwenda Musoma mjini, na ziwa likichafuka unakaa unalitazama tu. Ndiyo maana sisi watoto tulio mbali tumegeuka kuwa madaktari wa kwenye simu. Mzee akikohoa, anayejua ni mtu wa Dar kabla ya jirani.

Basi jioni moja mama akanibipu, nikapiga kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nasikia mguu unakusumbua."

"Mguu, ndiyo. Hapa hapa." Akashika goti.

Kwenye kioo cha simu, goti lile lilikuwa upande wangu wa kushoto. Bila kuuliza swali la pili nikamwandikia daktari mmoja tunayefahamiana: "Mzee anaumwa goti la kushoto, naomba msaada." Yule bwana, Mungu ambariki, akafanya mipango. Asubuhi mzee akapanda mtumbwi, akafika, akakuta karatasi imeshaandikwa kutokana na meseji yangu. Akapigwa eksirei ya goti la kushoto. Majibu yakasema goti ni zuri kuliko hata umri wake. Akapewa dawa za maumivu, akarudi kisiwani.

Baada ya wiki mbili nikapiga kujua hali.

"Baba, goti linaendeleaje?"

"Lile walilolipiga picha halijambo. Hilo tangu zamani ni zima."

Nikanyamaza kwanza. "Sasa baba, mbona hukusema?"

"Nilijua wameanza na zima ili wafananishe. Karatasi ilikuwa imeandikwa, mama. Na aliyeandika ni wewe."

Hiyo sentensi ya mwisho bado naisikia mpaka leo.

Tuanze na kosa langu. Mtu akikutazama, kulia kwake kuko kushoto kwako. Hilo kila mtu analijua akiulizwa darasani, na kila mtu analisahau akiwa na wasiwasi. Madaktari walishaliona tatizo hili zamani sana wakaweka kanuni moja: pande ni za mwenye mwili, sio za anayemtazama. Daktari akisema "mkono wa kulia" anamaanisha kulia kwa mgonjwa, hata kama amesimama mbele yake, nyuma yake, au mgonjwa amelala kifudifudi. Ndio sababu ukiangalia picha ya eksirei ya kifua ikiwa imetundikwa, moyo unauona umeelekea upande wako wa kulia. Hauko kulia. Ile picha inasomwa kana kwamba mgonjwa amesimama anakutazama.

Kanuni hiyo ina mwenzake: mkao mmoja ambao maelezo yote ya mwili yanaanzia hapo. Mtu anasimama wima, uso mbele, miguu pamoja, mikono imeshuka ubavuni, viganja vimeelekea mbele na vidole gumba vikiwa upande wa nje. Jaribu kusimama hivyo mbele ya kioo. Utajiona kama mtu anayesema "mimi sina hatia". Kwa nini viganja mbele? Kigasha, yaani ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, kina mifupa miwili. Kiganja kikielekea mbele mifupa hiyo inakaa sambamba. Ukigeuza kiganja nyuma, mmoja unaupanda mwingine kama miguu ya mtu aliyekaa kiungwana. Sasa bila kukubaliana kiganja kiko wapi, ukisema "upande wa nje wa kigasha" mnaweza kuwa mnazungumza sehemu mbili tofauti.

Kutoka kwenye mkao huo mambo yanakuwa mepesi. Juu ni kuelekea kichwani, na inabaki juu hata ukiwa umelala kitandani. Chini ni kuelekea miguuni. Mbele ni upande wa kitovu, nyuma ni upande wa uti wa mgongo. Chora mstari wa kufikirika kutoka katikati ya paji la uso, upite puani, kitovuni, mpaka kati ya visigino: kilicho karibu na mstari huo kiko ndani, kilicho mbali nao kiko nje. Kidole gumba cha mguu kiko ndani kuliko kidole cha mwisho. Na kwenye mikono na miguu tunahesabu kuanzia kiwiliwili: kiwiko kiko karibu, kiganja kiko mbali. Ukishayajua hayo huhitaji maneno ya Kilatini. "Inauma upande wa ndani wa goti, vidole viwili chini yake" ni sentensi ambayo daktari yeyote ataifurahia.

Tabu yetu nyingine ni kwamba maneno yetu ya kila siku ni mapana. Mkono kwetu unaanzia begani mpaka ncha ya kucha. Mguu unaanzia nyonga mpaka unyayo. Ukisema "nimeumia mkono", msikilizaji ana safari ndefu ya kukisia. Sio kwamba Kiswahili ni maskini, la hasha! Kina bega, kwapa, kiwiko, kigasha, kiganja. Kina kinena, paja, goti, muundi, kisigino, unyayo, wayo. TUKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa hadi Kamusi ya Tiba. Tatizo ni letu sisi, tunaobeba maneno matatu tu na kuacha mengine kwenye kamusi. Na hata hayo machache tunagombana nayo: kiwiko kwa wengi leo ni pale unapokunjia mkono, ila utakutana na mtu mzima ambaye kwake kiwiko ni pale unapovaa saa. Usibishane naye. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja.

Kidole kimoja, sio kiganja kizima. Hilo nalo nililijifunza kwa shida.

Halafu kuna neno moyo. "Moyo unaniuma", anasema mtu, huku ameshika chini kidogo ya mfupa wa kifua, palepale tunapopaita chembe ya moyo. Pale karibu sana ni tumbo, na mara nyingi ni asidi. Lakini mwingine anayesema vilevile ameshika kifua katikati, kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanakwenda begani, mkono wa kushoto au taya, na jasho linamtoka. Huyo usimpe somo la maneno, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Nalo "tumbo" lina mambo yake. Maumivu yanayoanzia kitovuni halafu yakahamia chini upande wa kulia (kulia kwa mwenye tumbo!) ni hadithi ambayo daktari akiisikia anafikiria kidole tumbo. Mtu akisema "tumbo linauma" tu, ameificha nusu ya hadithi.

Turudi kwa mzee, maana kosa la pili halikuwa langu, na lilichukua muda mrefu zaidi.

Baada ya kugundua upande sahihi, goti la kulia nalo likapigwa picha. Likaonekana limechakaa kidogo, kama magoti mengi ya watu wa miaka 70 na kitu. Basi pale mahali, sitapataja, wakalishika goti hilo wakaling'ang'ania. Dawa za kuchua, vidonge, bandeji, miezi mitano. Mzee anavuka maji kwenda, anavuka kurudi, goti halisikii. Kila alipoulizwa "unaumwa wapi?" alishika goti. Kila mtu alimwamini, na mimi pia. Kwa nini asiaminiwe? Goti si lake?

Mwisho tukampeleka sehemu nyingine, akakutana na binti mmoja mtaalamu wa fiziotherapia. Hakuanza na goti wala na mzee. Alimgeukia mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

"Shikamoo mama. Eti akiwa nyumbani, ni vitu gani siku hizi ameacha kufanya?"

Mama hakufikiria hata kidogo. Akasema tangu mwaka uliopita mzee havai viatu vya kamba, anavaa ndala. Akipanda mtumbwi hanyanyui mguu kuuvusha ukingo kama zamani. Anakaa kwanza ukingoni, kisha anaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili na kuuingiza. "Anaupakia kama mzigo," mama akasema. Na kukaa kwenye kigoda kile kifupi cha kutengenezea nyavu alishaacha.

Yule binti akamlaza mzee chali. Akamkunja goti: halina neno. Akamnyoosha: halina neno. Kisha akaukunja mguu mzima juu, goti likitazama dari, akalishika palepale na kuusukuma wayo taratibu utoke nje, ili paja lijizungushe kuelekea ndani. Mzee, mtu aliyezoea dhoruba, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Wapi?" binti akauliza.

Mzee akashika kinena.

Ilikuwa nyonga. Maungio ya nyonga yalikuwa yamesagika, na eksirei ya nyonga ilipopigwa ikaonyesha wazi. Yule binti akatueleza kwamba baadhi ya mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga ndiyo hiyohiyo inayohudumia goti, kwa hiyo nyonga ikiumwa inaweza kulia kupitia kinena, mbele ya paja, au gotini kabisa. Mzee hakudanganya. Mwili wenyewe ndio uliompa anwani ya jirani.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike, mpenzi msomaji. Mahali peke yake hapatoshi. Kuna suala la mwendo. Kila ungio lina miendo yake, na kila mwendo una jina la kawaida kabisa. Kukunja na kunyoosha unavijua. Kutanua ni kuupeleka mguu au mkono nje, mbali na ule mstari wa katikati, na kurudisha ni kuuleta ndani. Kuzungusha kuna ndani na nje. Kiganja nacho kina kugeuka juu, kama unayepokea chenji kwa konda, na kugeuka chini, kama unayefunika chungu. Goti kazi yake kubwa ni kukunja na kunyoosha. Nyonga inafanya yote. Mzee kuvusha mguu kwenye ukingo wa mtumbwi alihitaji kuukunja, kuutanua na kuuzungusha kwa wakati mmoja, na kufunga kamba za kiatu vivyo hivyo. Mama alikuwa na jibu zima kichwani mwake kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa anaona tu kwamba mume wake amezeeka.

Wewe mwenye miaka 30, usiseme hayo ni ya wazee. Mwenzio anayekaa kwenye kompyuta saa 9 kwa siku anarudi anasema "nikande mgongo." Mgongo upi? Mgongo ni uwanja wa mpira! Mwulize: juu au chini? Ni kwenye uti wenyewe, au pembeni, kati ya uti na lile fupa bapa la bega? Kulia au kushoto? Ukigeuza shingo kulia inavuta? Ukiinama au ukijinyoosha nyuma? Mkiyazoea maswali haya kukanda kwenyewe kunakuwa kutamu, maana mkono unafika panapotakiwa. (Wengine wataniandikia kwamba kuna mambo mengine pia yananoga mtu akijua kumwelekeza mwenzie. Sijakataa.) Na kiuno na nyonga tutofautishe jamani. Kwenye muziki tunakata chochote kile tukakiita nyonga, poa tu. Lakini kiuno kiko kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, na maungio ya nyonga yenyewe yako chini zaidi, ndani sana, nyuma ya kinena.

Mzee alipoelezwa ile kanuni ya pande hakuona ugeni wowote. Akasema, "Ni kama mtumbwi. Ubavu wa kulia wa mtumbwi ni uleule, hata wewe ukikaa umegeukia nyuma." Mimi na digrii yangu ilinibidi nisome kitabu; yeye alikuwa anaijua tangu akiwa mtoto anapiga kasia.

Msidhani wenzetu wa hospitali hawakosei. Wanakosea, na pale panapokosewa ndipo kanuni zinapozaliwa. Mwaka 1995 huko Tampa, Florida, daktari alimkata mgonjwa mguu usio wenyewe. Kwetu, wengi mnakumbuka Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili: wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza wakabadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Lile halikuwa suala la kulia na kushoto, lilikuwa suala la jina. Lakini mzizi ni mmoja, hakuna aliyesimama na kuuliza kwa sauti: huyu ni nani, anafanyiwa nini, wapi?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya maswali ya kuulizwa kwa sauti chumba cha upasuaji: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mmojawapo ni Ifakara yetu, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Francis. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 mpaka 7 kwa kila 100. Orodha yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Humo ndani kuna swali la mahali pa kupasuliwa, na kama pamewekwa alama.

Mwaka jana ukoo ulichanga (visa vya kuchanga hivyo ni safu nyingine kabisa) na mzee akapangiwa kuwekewa nyonga ya bandia. Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikulala. Nilikuwa naiona ile meseji yangu, "goti la kushoto", imebandikwa mlangoni.

Asubuhi daktari mpasuaji akaja na kalamu ya wino mzito. Ni kijana, labda rika langu. Akamwamkia mzee, akasimama mbele ya kitanda, akauliza kama hajui chochote, ingawa faili lilikuwa mkononi mwake.

"Mzee wangu, leo tunafanya nini, na upande gani?"

Baba akanitazama kwanza. Nikatazama chini. Akajivuta, akakaa wima, akaweka kidole kimoja juu ya nyonga yake.

"Nyonga. Ya kulia," akasema. "Kulia kwangu mimi, sio kwako."

Daktari akachora mshale palepale. Mama akainuka kwenye kiti chake, akasogea, akauangalia ule mshale kwa karibu, kisha akaenda kukaa.